Spana Mbili Ndani ya Gunia la Walnati

Niliificha spana moja ndani ya gunia la walnati.

Mkesha wa Krismasi nikaingiza mkono kuitoa. Nikatoa mbili.

Zimefanana kama mapacha. Urefu uleule, mpini mwekundu uleule, hata ule utepe wa plastiki shingoni ni uleule.

Sikuwa nimelewa, jamani. Nilikuwa nimefunga tangu asubuhi kama kila mtu kwenye nyumba ile, nikajiambia, Zornitsa, hiyo ni njaa. Nikazirudisha guniani, nikafumba macho, nikapapasa tena.

Mbili.

Na hapohapo nikasikia ndara za mama mkwe zinakuja uani. Chwa, chwa, chwa.

Nisubirini hapo kwanza. Ili mwelewe kwa nini nusura nizimie juu ya gunia la walnati, itabidi turudi nyuma kidogo, mpaka Novemba.

Sisi ni watu wa Gabrovo, huku chini ya mlima Balkan. Bulgaria nzima inatucheka kwa ubahili. Wanasema tunawakata paka mikia ili mlango ufungwe upesi, joto lisitoke nje.

Mimi paka asiye na mkia sijamwona. Ila mama mkwe wangu, Stoyna, huzima jiko kabla maharage hayajaiva. Anasema sufuria ina akili zake, itamalizia yenyewe.

Mume wangu Yavor anaendesha lori Ujerumani, nyumbani anakuja kwa msimu kama korongo. Kwa hiyo mimi na binti yetu Iskra, wa miaka miwili, tunaishi na wazazi wake.

Baba mkwe anaitwa Dobri. Fundi magari tangu ujana wake. Na mtaa mzima unaamini kwamba ana mkono mwepesi.

Huku kwetu mkono mwepesi si wa wizi, msije mkanielewa vibaya. Kuna watu wakikukata nywele zinaota vizuri. Wakipanda nyanya, zinazaa. Wakiwa wateja wako wa kwanza asubuhi, unauza mpaka unafunga.

Mkono wa Dobri ulikuwa wa magurudumu.

Ikifika katikati ya Novemba, sheria inataka kila gari livae tairi za theluji. Basi mtaani kwetu hakuna anayethubutu kuupanda mlima kabla Dobri hajavuta nati za magurudumu yake kwa mara ya mwisho. Hata waliobadilishiwa tairi gereji kubwa ya mjini walipita kwetu.

"Mzee Dobri, niguse tu."

"Si ulishafungiwa huko?"

"Nimefungiwa, lakini sijaguswa."

Anagusa. Halafu mnaingia ndani, kahawa, kijiko cha jamu ya cheri, glasi ya maji. Mkitoka hapo, safari njema.

Sasa, mwaka juzi Dobri alipata kiharusi.

Alipona, lakini mkono wa kulia haukurudi wote. Alikaa kitandani ameelekea ukutani, hata Iskra akimpandia mgongoni hageuki. Supu anarudisha. Tukaanza kuongea kwa kunong'ona kama nyumba yenye msiba.

Kilichomtoa kitandani si dawa. Ni jirani yetu Kircho, mwenye sauti kama tarumbeta, aliyesimama chini ya dirisha na kupiga kelele:

"Mzee Dobri! Mimi naenda kwa binti yangu ng'ambo ya mlima. Utaniachia nifie njiani kwa ajili ya uvivu wako?"

Mara tukasikia kitanda kinalia. Dobri akatoka na pajama na koti, akavuta nati za Kircho, akarudi ndani akaomba supu. Stoyna aligeukia sinki akafungulia maji, maji ambayo huwa hayafungulii hovyo, ili tusisikie anavyolia.

Tangu siku hiyo Dobri akawa Dobri tena.

Kwa hiyo mtaelewa kilichonikuta Novemba iliyofuata.

Nilikuwa nasoma shule ya jioni, namalizia sekondari niliyoiacha nilipoolewa. Siku za masomo namshusha Iskra kwa mama yangu mzazi, karibu na shule, halafu naingia darasani. Siku hiyo Dobri alikuwa amenibadilishia tairi mwenyewe, amevuta nati, amepiga bodi makofi mawili.

"Nenda, mkwe wangu. Hata ukigongana na mlima, mlima ndio utaomba radhi."

Nilikuwa nimechelewa. Kahawa sikunywa. Nikaondoka mbio, na kwenye kioo nikamwona Stoyna anakimbia nyuma ya gari na bakuli la mahindi ya kuku, mkono juu, anapunga.

Nikaona, ah, leo mama mkwe kanipenda. Nikampungia na mimi.

Kwenye kona za kuteremka nikaanza kusikia kitu. Guk. Guk. Guk-guk.

Nikasimama pembeni. Nikashuka, nikagusa gurudumu la mbele upande wa Iskra.

Nati mbili zilizunguka kwa vidole vyangu. Vidole, jamani, kama kifuniko cha mtungi wa jamu. Na nyingine pembeni yake ilikuwa imekazwa mpaka nikaisimamia spana ya tairi kwa miguu yote miwili, isitikisike.

Nikainua macho. Iskra alikuwa kwenye kiti chake anakula biskuti. Akanipungia kwa ile mikono yake yenye makombo.

Nilikaa chini kwenye changarawe.

Ule mkono haukuhisi tena. Hii aliiacha, ile aliivuta kupita kiasi, na zote kwake zilikuwa sawa. Na mtaa mzima ulikuwa unapanga foleni.

Nikimwambia, atarudi kitandani na kuelekea ukutani. Nisipomwambia, siku moja gurudumu la mtu litaenda zake.

Nifanye nini?

Nikazikaza kwa spana ya tairi, nikaenda shule mwendo wa kobe. Tulikuwa na kipindi cha fizikia. Mwalimu akachora mlango ubaoni, akaeleza kwamba ukisukuma karibu na bawaba unahangaika, ukisukuma mbali unafunguka kwa kidole. Nguvu mara urefu wa mkono.

Nikanyoosha kidole.

"Mwalimu, mtu atajuaje amekaza nati kiasi gani? Kama mkono wake haumwambii?"

"Kuna spana inayomwambia," akasema. "Ya kupima mkazo. Siku hizi si ghali."

Yale maneno mawili ya mwisho, kwa mtu wa Gabrovo, ni kama kengele ya kanisa.

Kesho yake nikaenda duka la vifaa la Pencho, pale sokoni, nikaomba spana ya kupima mkazo. Pencho ni mtu wa kutania mpaka wafiwa.

"Karibu, dada. Ya mume?"

"Ya kwangu."

"Oho!" Akaweka kalamu sikioni. "Mwaka huu wanawake wa mtaa wa juu mmeamka. Wewe ni wa pili."

Nilifikiri ni utani wake wa kawaida. Sikuuliza wa kwanza nani. Kumbukeni hilo.

Akaniwekea tatu juu ya meza.

Ya kwanza ilikuwa na sindano na mizani, rahisi kuliko zote. Sikuona kinachoharibika ndani yake, ila lazima uisome huku unavuta, na ukiwa umechuchumaa kwenye tope, macho yako yako upande mwingine. Ya pili unazungusha mpini mpaka namba yako, unavuta, ikifika inalia klik. Ya tatu ina skrini na betri.

"Hiyo ya skrini," Pencho akasema, "itakwambia mkazo, saa, na kama mama mkwe yuko nyumbani."

"Hilo la mwisho najua bila skrini."

Nilikuwa nimesoma kitabu cha gari letu, Opel kuukuu. Namba ya mkazo wa nati zangu ilikuwa mia moja na kumi. Nikaziangalia zile za klik. Kulikuwa na fupi ya bei nafuu sana, lakini mwisho wake ulikuwa palepale kwenye mia na kumi.

"Hiyo usichukue," Pencho akasema. "Kwenye ncha za mizani ndiko zinakodanganya. Chukua ambayo namba yako imekaa katikati."

Nikachukua ndefu kidogo. Nikauliza kama ina karatasi ya kupimwa kiwandani. Akaitoa kwenye boksi, ikiwa na namba ileile iliyochongwa kwenye chuma. Nikauliza kama soketi ya nati zangu inaingia. Akaniingizia. Nikauliza kama atanipunguzia bei.

"Dada, huna aibu."

"Natoka Gabrovo."

"Na mimi natoka wapi, Paris?"

Akapunguza kidogo. Ikawa imegharimu karibu sawa na viatu vya Iskra vya baridi, na Iskra angevimaliza kabla ya Machi.

Akanipa na maonyo. Usifungulie nati kwa hii, ni ya kukazia tu. Ikilia klik, acha, usiongeze moja ya upendo. Na ukimaliza, irudishe mpini mpaka alama ya chini kabisa kabla hujailaza, la sivyo springi ndani inachoka na itaanza kukudanganya.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Yule mwenzako naye alisema hivyohivyo," akacheka.

Sasa, niifiche wapi?

Kwenye nyumba ya Stoyna hakuna pa kuficha kitu. Anajua idadi ya njiti kwenye kiberiti. Lakini kuna sehemu moja hakuna aliyeruhusiwa kugusa: gunia la walnati kwenye jiko la uani.

Zile walnati, njugu zenye ganda gumu kama mti, ni za mkesha wa Krismasi. Usiku huo kila mtu mezani anapasua yake. Ukikuta kokwa nyeupe, nono, mwaka wako mzuri. Ukikuta nyeusi, pole. Ndiyo maana Stoyna huzilinda kuliko akiba ya benki.

"Atakayeingiza mkono humo kabla ya siku yenyewe," alitangaza mwaka ule, kidole juu, "mkono utabaki humohumo!"

Nikaona, hapo ndipo salama. Nikaizamisha pembeni, juujuu.

Kazi ikaanza. Gari linakuja, Dobri anavuta, watu wanaingia ndani. Stoyna ananiambia, "Mkwe wangu, wapakulie jamu, mimi nakwenda kuwapa kuku mahindi." Napakua. Akirudi, mimi nasema, "Mama, naanua nepi." Natoka, nachomoa spana, naweka mia na kumi au namba ya gari lile kutoka kitabu chake, nazunguka magurudumu yote.

Na hapa ndipo mambo yakawa ya ajabu.

Gari la kwanza, la Kircho. Nati ya kwanza: klik. Palepale, bila hata kusogea. Ya pili: klik. Zote. Klik, klik, klik, kana kwamba mtu amezipima kama dawa.

Nikaona, bahati tu.

Gari la mwalimu mstaafu wa kona ile. Klik zote.

Gari la kasisi. Klik zote, na hilo nilijua litakuwa na msaada wa juu.

Lakini wiki nzima? Mtu ambaye kikombe cha kahawa hukishika kwa mikono miwili?

Nikaanza kujishuku mimi. Huenda siku ile barabarani niliota. Huenda mkono mwepesi upo kweli, na mimi na fizikia yangu ya jioni tumekuja kuudharau.

Na jingine. Mara mbili nilisahau kurudisha mpini chini, Iskra akilia huwa unasahau hata jina lako. Nikaja mbio kesho yake kuirekebisha, nikaikuta imesharudi chini kabisa.

Bibi yangu aliamini kila nyumba ina mzimu mlezi, joka linalolala chini ya kizingiti. Sikuwahi kusikia joka linalojua kutunza springi.

Nusura nikamatwe chakula cha jioni. Tunakula maharage ya sufuria yenye akili zake, Iskra akachukua kijiko chake, akakigeuza kwenye ukingo wa meza, akasema kwa sauti safi kabisa:

"Klik!"

Nikauweka mkate chini.

"Anasema nini mtoto?" Dobri akauliza.

"Anaongea na kijiko," nikasema.

"Meno," Stoyna akasema haraka. "Meno yanaota."

Nikamshukuru moyoni kwa kutojua kitu. Kwa sababu Stoyna angejua kuna chombo kipya nyumbani, angekirudisha mpaka dukani. Jioni hiyohiyo alikuwa ametuhubiria kuhusu vijana wa siku hizi.

"Wananunua mashine ya kuwaambia wamechoka, mashine ya kuwaambia wamelala. Kesho watanunua ya kuwaambia wameshiba!"

Dobri alikuwa anatafuna polepole, anaangalia sahani. Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo. Nilidhani ni kiharusi.

Ndipo ukafika mkesha.

Meza ya kufunga, isiyo na nyama, imejaa: sarma za wali uliofungwa kwenye majani ya kabichi, maharage, pilipili za kujazwa, kompoti ya matunda, mkate wenye sarafu ndani. Kilichobaki ni walnati. Na Stoyna anasema, akijifuta mikono, "Sasa nikafungue gunia."

Nikaruka.

"Mama, acha! Nitaleta mimi!"

"Wewe?" Akanyanyuka kama mimi nilivyonyanyuka. "Nani kakuruhusu? Kaa na mtoto!"

"Mtoto yuko na babu yake."

Nikatoka mbio bila koti. Na ndiyo pale mliponiacha, nimepiga magoti mbele ya gunia, spana moja mkono huu, spana moja mkono ule, na ndara zinakuja.

Mlango ukafunguka. Stoyna akasimama na lile bakuli lake la mahindi, tupu.

Akaangalia mkono wangu wa kushoto. Akaangalia wa kulia.

Nikangoja kelele.

"Ya kwangu," akasema kwa sauti ndogo, "ni ile yenye mkwaruzo."

"Eh?"

"Hiyo ya kushoto. Nirudishie."

Tulitazamana. Nikaikumbuka ile sauti ya Pencho, wewe ni wa pili.

"Mama... kuku?"

"Kuku gani," akasema. "Hao kuku wangekula mahindi yote ninayotoka nayo, wangekuwa bata mzinga."

Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaanza kueleza huku anakunja aproni. Alianza tangu siku ile Kircho alipomtoa mzee kitandani. Alimwona anavyovuta, akajua. Kesho yake akashuka kwa Pencho, mwanamke ambaye hajawahi kujinunulia hata kitambaa cha kichwa bila kulala na wazo hilo wiki nzima, akanunua spana. Pencho akamfundisha. Na kila gari lililopita mikononi mwa Dobri, lilipita na kwake, watu wakiwa kwenye jamu yangu. Zilizolegea alizikaza. Zilizokazwa kupita kiasi alizifungua kwa spana ya tairi na bomba la chuma la kurefusha mpini, akazirudia.

Ndiyo maana nilikuwa nakuta klik tupu. Nilikuwa napima kazi ya mama mkwe.

"Lile gunia je? Na mkono utakaobaki humo?"

"Ungeficha wapi wewe?"

"Humohumo."

"Basi."

Nikakumbuka barabarani, zile nati za vidole. Nikamweleza. Sikuwahi kumwambia mtu.

Stoyna akaweka mkono kifuani.

"Nilikufuata," akasema. "Nilikimbia na bakuli, nakuita simama, simama! Nawe ukanipungia!"

"Nilidhani unaniaga, Mama."

"Nikuage na mahindi, mtoto wewe? Tangu siku hiyo sijalala vizuri." Akanivuta, akanikumbatia pamoja na spana yangu, ikanichoma mbavu. "Na huyo mdogo alikuwa upande ule..."

"Alikuwa anakula biskuti."

Tukalia. Halafu tukacheka, kwa sababu ukiwa na spana mbavuni huwezi kulia sana. Tukaapa kwamba Dobri hatajua kamwe. Tukazizamisha zote mbili mpaka chini kabisa, tukajaza bakuli walnati, tukarudi ndani na nyuso za watakatifu.

Dobri alishafukiza ubani. Akaumega mkate. Iskra akapata sarafu, akataka kuimeza, tukamnyang'anya. Bakuli la walnati likapita.

Dobri akachukua yake kwa mkono wa kulia.

Akabana. Hakuna kitu. Akabana tena, vidole vinatetemeka. Zamani alikuwa anapasua mbili pamoja kwenye kiganja, anawachekesha watoto. Sisi wawili tukawa tunaangalia kompoti kwa bidii sana.

Akaiweka walnati mezani, taratibu.

"Jana," akasema, "mmoja wenu aliiacha kwenye mia na kumi."

Akatuangalia mmoja mmoja.

"Springi inachoka. Nimeirudisha. Lakini mimi sitakuwepo milele kuwarudishia."

Nikamsikia Stoyna anasema, "Kurudisha nini?" kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.

"Stoyna, mama wewe. Kuku wako wametembelewa kila gari linapokuja. Na nepi za mtoto huyu zinaanuliwa mara nyingi kuliko zinavyofuliwa. Mnatoka, mnaingia, mnatoka, mnaingia, kama ndege wa mbao wa saa ya ukutani. Mlidhani kiharusi kilinipiga macho?"

"Ulizionaje?" nikauliza. "Gunia si limekatazwa?"

Kwa mara ya kwanza jioni ile akaona aibu kidogo.

"Walnati," akasema, "zinapungua zenyewe?"

"Wewe!" Stoyna akaruka. "Ni wewe! Nilisema panya!"

"Panya mwenye heshima. Naingiza mkono nipate moja tu, nashika chuma. Nikasema, Mungu wangu, mke wangu kanunua spana ya mkazo, basi mwisho wa dunia umefika. Mwaka unaisha, naingiza mkono tena, zimezaa!"

Nilicheka mpaka Iskra akaniangalia kwa wasiwasi. Halafu nikamwona Stoyna hacheki, nikanyamaza.

"Kwa nini hukusema, Dobri?"

Mzee akaizungusha ile walnati juu ya kitambaa cha meza.

"Mnadhani ningegusa gari la mtu kama nisingejua mko nyuma yangu? Kircho alipokuja mara ya pili nilikuwa nimeshaamua kumkatalia. Niliogopa. Halafu nikakuona kupitia dirisha, umepiga magoti kwenye tope na hicho chombo, unazunguka gurudumu moja moja, unahesabu kwa midomo. Nikasema, ah. Basi naweza kuvuta."

Stoyna akainuka akafungua bomba la sinki. Maji yakatiririka muda mrefu. Hakuna aliyesema kitu kuhusu bili.

Aliporudi, akaichukua walnati ya mzee, akaipasua kwa kisigino cha kisu, akaifungua.

Nyeupe. Nono. Pande zote mbili.

"Kula," akamwambia, "kabla panya hajaja."

Mpaka leo Dobri ndiye anayevuta mara ya mwisho. Ila sasa anavuta na spana, mbele za watu. Mimi naweka namba, yeye anaweka mkono. Mara ya kwanza Kircho alishtuka.

"Mzee Dobri, nini hicho kimelia?"

"Bahati," Dobri akasema. "Zamani ilikuwa inaingia kimya. Siku hizi inapiga hodi."

Sasa Kircho haondoki mpaka asikie klik zote. Asiposikia moja anadai irudiwe.

Mtauliza, na ile spana ya pili? Stoyna hakulala mpaka sikukuu ziishe. Kaya moja ya Gabrovo, spana mbili za mkazo! Ingejulikana, tungehamishwa mji. Duka lilipofunguliwa akairudisha kwa Pencho, akarudishiwa pesa yote. Alirudisha ya kwangu, maana ya kwake ilikuwa na mkwaruzo.

Mimi shule nimemaliza. Naenda kusoma ufundi wa magari, na Yavor kasema akirudi atabeba jukumu la nepi, tuone kama nazo zitakuwa zinaanuliwa mara nyingi.

Nimeandika haya kwa ajili yako wewe unayefunga tairi zako mwenyewe uani. Huhitaji spana ya skrini. Chukua ya bei yako, namba ya mkazo ya gari lako iwe katikati ya mizani, iwe na karatasi yake, ikilia uache. Na ukimaliza, irudishe chini ndipo uilaze.

Hata watu ndani ya nyumba ni hivyo. Tulikuwa watatu, kila mmoja amekaa kwenye mia na kumi siku zote hizo, anamlinda mwenzake kwa siri. Ukimpenda mtu, mlinde, lakini ikifika jioni legeza mpini kidogo, mkae mezani mwambiane.

Iskra anawasalimu. Anasema klik.